Umbo la kingamwili lilivyojulikana

Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili inase kitu kigeni, kama vile sehemu ya virusi au bakteria. Kwa kuwa ni ndogo mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida, umbo lake lilianza kujulikana kwa kuikata na kuchunguza vipande vyake, kabla hajapatikana mtu wa kuipiga picha.

Kisu kilichotumika kimo jikoni mwa watu wengi hapa Moshi, ingawa si kwa jina lake. Aliyeuziwa nyama ngumu huko Mbuyuni huikwangulia papai bichi, akaiacha kwa muda kabla ya kuibandika. Utomvu mweupe unaochuruzika ganda likichanjwa una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho hukata minyororo ya protini. Mwaka 1959 Rodney Porter wa Uingereza alieleza alivyokata kingamwili za sungura kwa papaini, akapata vipande vitatu: viwili viliweza bado kunasa kitu kigeni, na cha tatu, kisichonasa chochote, kikaganda kuwa fuwele. Kwangu mimi, kuganda huko ndiko kwenye uhondo, maana fuwele hujengeka kwa vitu vinavyofanana. Ikaonekana kwamba kingamwili ina umbo la herufi Y: shina lake, yaani kile kipande cha tatu, halibadilikibadiliki, na tofauti zimo katika mikono yake miwili inayonasa.

Gerald Edelman wa Marekani yeye alivunja vifungo vya salfa vinavyoshikanisha minyororo ya kingamwili, na wawili hao wakatunukiwa Nobeli mwaka 1972. Njia hiyo ya Edelman ingali ikitumika maabarani. Sampuli huchemshwa pamoja na sabuni kali na dawa ya kuvunja vifungo hivyo, ikasukumwa kwa umeme ndani ya jeli, kisha jeli ikatiwa rangi ya bluu. Kingamwili ya aina ya IgG huacha mistari miwili, wa minyororo mizito kwenye kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 50 hivi na wa myepesi kwenye 25. Bila dawa ile huonekana mmoja tu, karibu na 150. Hesabu hiyo hutimia kwa minyororo mizito miwili na myepesi miwili.

Mahali ilipo kila atomu huonyeshwa na eksirei inayopitishwa katika fuwele. Tatizo ni bawaba inayounganisha mikono na shina: hulegea, kila molekuli ikakaa mkao wake, na kingamwili nzima ikawa ngumu kugandisha. Ndiyo maana wataalamu wengi huukata kwanza mkono mmoja, mara nyingi kwa papaini ileile, wakaugandisha peke yake.