Mashindano ya Hisabati Yanapima Nini, na Mwanafunzi Ajiandae Vipi

Mzazi anapoarifiwa kwamba mwanawe amechaguliwa kuingia katika mashindano ya hisabati, mara nyingi hukimbilia kumnunulia vitabu vya mitihani iliyopita na kumtafutia masomo ya ziada jioni. Nia ni njema, ila dawa hiyo ni ya ugonjwa mwingine. Mashindano ya hisabati si mtihani wa taifa ulioongezwa ugumu. Mtihani hupima kama mwanafunzi amezielewa mada zilizomo katika muhtasari wa somo, ilhali mashindano humpa swali ambalo hakuna mwalimu aliyemwonyesha namna ya kulijibu, kisha humwachia muda wa kutosha wa kuhangaika nalo.

Tofauti hiyo huonekana vizuri katika swali la kwanza kabisa la Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanzia nchini Romania mwaka 1959. Washiriki walitakiwa kuthibitisha kwamba sehemu ambayo kiasi chake ni 21n + 4 na asili yake ni 14n + 3 haiwezi kurahisishwa, n ikiwa namba asilia yoyote. Mwanafunzi aliyezoea mitihani ataanza kujaribu namba moja moja: n ikiwa 1 atapata 25/17, ikiwa 2 atapata 46/31, ikiwa 3 atapata 67/45. Zote hazirahisishiki, na anaweza kuendelea hivyo mpaka karatasi imwishie bila kuthibitisha lolote, kwa kuwa namba hazina mwisho. Njia ya kutokea ni kujiuliza: kama ingekuwepo namba inayogawanya kiasi na asili kwa pamoja, ingelazimika kugawanya nini kingine? Ingegawanya mara tatu ya asili, yaani 42n + 9, na pia mara mbili ya kiasi, yaani 42n + 8. Kwa hiyo ingegawanya na tofauti yao, ambayo ni 1, na namba pekee inayogawanya 1 ni 1 yenyewe. Shauri limekwisha, tena kwa namba zote kwa mkupuo mmoja. Tazama kwamba hapakuhitajika kanuni yoyote ngeni; habari za vigawo na kurahisisha sehemu hufundishwa katika shule ya msingi.

Mashindano ya aina hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1894 chama cha wanahisabati na wanafizikia wa Hungaria kilianzisha shindano kwa vijana waliokuwa wamemaliza shule ya sekondari, na miongoni mwa washindi wa miaka iliyofuata walikuwamo Theodore von Kármán, aliyekuja kuwa bingwa wa elimu ya mwendo wa hewa na vyombo vya angani, na mwanafizikia Edward Teller. Watu hupenda kuyataja majina hayo. Mimi huona kwamba kazi kubwa zaidi ilifanywa na kitu kisicho na sifa nyingi, yaani jarida la hisabati la wanafunzi wa sekondari lililoanzishwa nchini humo katika kipindi hichohicho, ambalo kila toleo lilikuwa na maswali, wanafunzi wakatuma majibu kwa posta, na waliofaulu wakatajwa katika matoleo yaliyofuata. Kijana aliyekaa katika mji mdogo, mbali na chuo chochote, alipata swali la kumkosesha usingizi mwaka mzima. Shindano lenyewe lilikuwa la siku moja tu.

Olimpiadi ya Kimataifa ilianza na nchi 7 za Ulaya ya Mashariki, na leo nchi zaidi ya 100 hutuma timu. Kila nchi huruhusiwa wanafunzi wasiozidi 6, ambao hufanya kazi kila mmoja peke yake kwa siku mbili, maswali matatu kila siku, kwa saa nne na nusu. Kila swali lina alama 7, hivyo jumla ni 42. Maswali hutoka katika aljebra, jometri, nadharia ya namba, na kombinatoria, ambayo ni hisabati ya kuhesabu na kupanga vitu. Elimu ya kalkulasi haihitajiki. Mshiriki huomba karatasi ya maswali kwa lugha anayoimudu, na viongozi wa timu ndio wanaotafsiri. Medali za dhahabu, fedha na shaba hugawiwa kwa uwiano unaokaribia 1 kwa 2 kwa 3, na wanaozipata hawazidi takriban nusu ya washiriki. Asiyepata medali lakini akajibu swali moja kikamilifu hupewa cheti cha heshima, jambo ambalo walimu wetu wanapaswa kulifahamu, kwa sababu linaonyesha wazi kwamba swali moja lililokamilika lina thamani kuliko sita zilizoguswaguswa.

Afrika ilipokea mashindano hayo kwa mara ya kwanza mwaka 2014, mjini Cape Town. Bara letu lakini lilikuwa na mashindano yake tangu 1987, yaani Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika, iliyo chini ya Umoja wa Wanahisabati wa Afrika. Nairobi iliiandaa mwaka 2018 na Kigali mwaka 2023. Kwa timu inayoanza, ngazi hii ya bara ina faida kubwa, kwa kuwa gharama za safari ni nafuu na wapinzani wengi wana mazingira ya shule yanayofanana na yetu.

Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wana mashindano yao. Huko Marekani na Kanada kuna shindano la Putnam, lililoanza mwaka 1938, lenye maswali 12 ya alama 10 kila moja. Katika miaka mingi, nusu ya washiriki huambulia alama 0 au 1 kati ya 120, na hao ni vijana waliojitokeza kwa hiari yao kwa sababu wanaipenda hisabati. Tangu 1994 kuna pia shindano la kimataifa la wanafunzi wa vyuo vikuu, ambalo kwa miaka mingi limefanyika Bulgaria.

Ngazi ya elimu ikipanda, ugumu haupandi kwa namna mtu angetarajia. Mwaka 1947 vijana wa Hungaria waliulizwa wathibitishe kwamba katika kila kundi la watu 6 hawakosekani watatu wanaofahamiana wote, au watatu ambao hakuna anayemfahamu mwenzake. Mwaka 1953 jambo hilohilo liliulizwa katika Putnam, safari hii likiwa limevaa sura ya nukta 6 zilizounganishwa kwa mistari 15 ya rangi mbili. Chukua mtu mmoja katika kundi, tumwite Asha. Wamebaki watano, basi ama Asha anafahamiana na watatu wao au zaidi, ama kuna watatu au zaidi asiowafahamu. Tuseme anafahamiana na watatu. Ikiwa wawili kati ya hao wanafahamiana, wakiungana na Asha tumepata watatu tuliowatafuta. Ikiwa hakuna wawili wanaofahamiana, basi hao watatu wenyewe ni wageni kwa wageni. Upande wa pili huthibitishwa vivyo hivyo kwa kugeuza maneno. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuufuata uthibitisho huu, na mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuukosa.

Haifai, hata hivyo, kuyafanya mashindano kuwa kipimo cha akili. Maryam Mirzakhani wa Iran alipata medali za dhahabu za Olimpiadi ya Kimataifa mwaka 1994 na 1995, mara ya pili akiwa na alama zote 42, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupewa medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati. Lakini utafiti hauna kengele ya saa nne na nusu: mwanahisabati Andrew Wiles alilifanyia kazi tatizo la Fermat, fumbo maarufu la namba lililowashinda wanahisabati kwa karne nyingi, kwa takriban miaka saba kabla ya kutangaza uthibitisho wake mwaka 1993, na hata baada ya hapo lilionekana pengo lililomchukua muda zaidi kuliziba. Mwanafunzi anayefikiri taratibu, ambaye hashindi shindano lolote, asiambiwe kwamba hisabati si yake.

Kwa shule inayotaka kuanza, ushauri wangu ni mdogo na hauna gharama. Wakusanyeni wanafunzi wachache mara moja kwa wiki, wapeni swali moja tu, na msiwape jibu siku hiyo. Wiki inayofuata, aliyepata aandike uthibitisho wake ubaoni na wenzake wautafute ufa. Mwalimu asione haya kukaa pamoja nao akiwa hajui jibu. Maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa tangu 1959 yanapatikana bure katika intaneti, ingawa anayeanza atafanya vizuri kutangulia na yale ya mashindano ya kitaifa. Kwa Tanzania, Chama cha Hisabati, CHAHITA, huendesha mashindano ya shule, na huko ndiko kwa kuulizia utaratibu.

Kuna sharti moja linalowakwaza wengi. Mshiriki wa Olimpiadi ya Kimataifa lazima awe na umri chini ya miaka 20 na awe hajajiunga na chuo kikuu. Katika mazingira yetu, ambako baadhi ya watoto huchelewa kuanza darasa la kwanza, kijana anayegunduliwa akiwa kidato cha sita huenda ameshapitwa. Utafutaji wa vipaji unapaswa kuanza kidato cha kwanza au cha pili, kabla mwanafunzi hajazoea kuamini kwamba kila swali lina kanuni yake ya kukariri.