Tangazo la kubeti katikati ya kipindi cha familia: linapitia wapi, na mzazi afanye nini

Kipindi kikirushwa hewani kwa mara ya kwanza, matangazo yanayokikatiza yamepangwa na watu. Kuna ratiba, na kuna mtu wa zamu anayejua kwamba saa 1 jioni ni zamu ya kipindi cha familia, hivyo tangazo la kubeti lisubiri usiku uingie. Kipindi hicho hicho kikitazamwa kesho yake kwenye aplikesheni ya kituo, ratiba ile haipo tena. Matangazo ya jana yameondolewa na mengine yanachaguliwa upya kwa kila skrini, muda mfupi kabla hayajaonekana. Nyumba mbili zinazopakana ukuta zinaweza kutazama kipindi kimoja kwa wakati mmoja, huku wakaona sabuni ya kufulia, kule wakaona kionjo cha filamu ya kutisha.

Ndiyo maana mzazi anayelalamika mara nyingi hujibiwa kwamba tangazo hilo halikuonekana. Anayejibu hadanganyi: kwenye skrini yake halikuonekana. Ukielewa jinsi uchaguzi huo unavyofanyika, utajua pia malalamiko yako yabebe nini.

Sekunde 90 za kujaza

Faili la kipindi lina alama zinazoonyesha mahali pa kukatiza. Ukifika kwenye alama, tuseme dakika ya 12, ombi hutumwa kwa seva ya matangazo: kuna nafasi ya sekunde 90, iwekwe nini? Ombi hilo hubeba aina ya kifaa, namba ya utambulisho wa matangazo ya kifaa hicho, anwani ya intaneti inayoonyesha eneo kwa kukadiria, umri na jinsia ya mwenye akaunti ikiwa alivijaza, na jina au aina ya kipindi. Nafasi zilizokwisha kuuzwa kwa wateja wa kituo hujazwa kwanza. Zinazobaki hupelekwa mnadani, ambako kompyuta za wanunuzi hupewa muda mfupi mno wa kutaja bei, mara nyingi kama sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Hakuna binadamu anayetazama chochote hapo. Kinachotegemewa ni lebo mbili: iliyobandikwa kwenye kipindi na iliyobandikwa kwenye tangazo. Mfumo hulinganisha hizo mbili na kuamua. Lebo moja ikikosekana, au ikiwa si ya kweli, tangazo linapita.

Lebo ya kipindi hukosekana zaidi kwenye vipindi vipya. Msimu wa kwanza uliingizwa vizuri: aina "familia", umri "wote". Msimu wa tatu ukaingizwa haraka usiku wa kuamkia siku ya kutolewa, sehemu ya nne haikujazwa umri, na mfumo ukaichukua kama kipindi cha kawaida cha watu wazima. Mzazi anashangaa kwa nini sehemu tatu zilikuwa safi na ya nne imejaa bia. Dawa yake kwa kituo ni kuweka lebo kwenye mfululizo mzima ili kila sehemu mpya irithi, na kuuelekeza mfumo kwamba kipindi kisicho na lebo kihesabiwe kuwa cha watoto hadi ithibitishwe vinginevyo. Vituo vingi vimefanya kinyume, kwa sababu nafasi iliyofunguliwa kwa kila mnunuzi huuzika kwa urahisi zaidi.

Lebo ya tangazo kwa kawaida huandikwa na muuzaji au wakala wake. Mchezo wa simu unaofanana kabisa na mashine ya kamari unaweza kuandikwa "michezo". Dawa ya kupunguza mwili inaweza kuandikwa "afya". Kionjo cha filamu yenye damu na visu huandikwa "burudani", na hapo hakuna aliyedanganya, maana filamu ni burudani kweli. Tatizo ni kwamba lebo imesema ni kitu cha aina gani, haikusema kinaonyesha nini. Kituo kinachojali huangalia kila tangazo jipya kwa macho kabla ya kuliruhusu lizunguke, na kulipa daraja la umri kama kinavyokipa kipindi chenyewe.

Kuna mlango mwingine ambao hata wakaguzi huusahau. Tuseme katika sekunde zile 90 zimeuzwa 60 tu. Zile 30 zilizobaki haziachwi tupu. Hujazwa na vionjo vya vipindi vya kituo chenyewe. Vionjo hivi mara nyingi havihesabiwi kuwa matangazo ya biashara, kwa hiyo havipiti kwenye vichujio vilivyowekewa wafanyabiashara. Tamthilia ya mauaji inayooneshwa usiku wa manane inaweza kujinadi katikati ya katuni, na aliyeiweka ni kituo chenyewe. Ukiona kitu cha kutisha kwenye kipindi cha familia, tazama kwanza kama ni bidhaa au ni kionjo, kwa sababu wa kulaumiwa hubadilika.

Kwa nini kipindi cha familia na si cha watoto

Vipindi vya watoto wenyewe vina ulinzi mzuri kiasi. Kwenye huduma nyingi vinakaa sehemu yake, matangazo yakiwa machache au hayapo kabisa. Kinachoumia ni kipindi kinachotazamwa na babu, mama na mtoto wa miaka saba kwenye kochi moja: shindano la vipaji, mechi, filamu ya sikukuu.

Sababu kubwa iko kwenye hesabu. Nchini Uingereza, kanuni za matangazo yasiyo ya televisheni ya kawaida, ambazo zinagusa pia huduma za kutazama kwa hiari (mtazamaji anachagua mwenyewe kipindi na saa, kama kwenye aplikesheni ya kituo), husema tangazo la pombe lisiwekwe mahali ambapo zaidi ya asilimia 25 ya hadhira ni watu wa chini ya miaka 18. Chukua shindano lenye watazamaji milioni 5, watoto wakiwa laki 8. Hao ni asilimia 16. Mtihani umepita, na watoto laki 8 wameona bia. Kipindi kidogo cha katuni chenye watazamaji elfu 50, karibu wote watoto, kitalindwa kikamilifu. Kipimo cha asilimia hulinda vipindi ambavyo watoto ndio wengi, na kwenye kipindi cha familia watoto huwa wachache daima, hata wakiwa wengi kwa idadi.

Saa nayo imepoteza nguvu. Televisheni ya kawaida Uingereza ina mpaka wa saa 3 usiku, ambao kabla yake maudhui yasiyofaa watoto hayaruhusiwi, lakini mpaka huo hauhusu kutazama kwa hiari. Baadhi ya huduma zimejiwekea mpaka wao kwa kufuata saa ya kutazama. Hii husaidia asubuhi, ila filamu ya familia inayoanza kutazamwa saa 2 usiku wa wikendi itavuka mpaka katikati ya safari, na kuanzia dakika ya 60 mapumziko yake yanaruhusiwa kubeba chochote. Huduma nyingine hufuata saa ambayo kipindi kilirushwa mara ya kwanza.

Sheria zimeanza kufuata nyayo, ingawa kwa mafungu. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu huduma za sauti na picha, yaliyorekebishwa mwaka 2018, yanazitaka nchi wanachama zilinde watoto dhidi ya maudhui yenye madhara kwenye televisheni ya kawaida na ya kutazama kwa hiari vilevile. Uingereza, tangu Januari 5, 2026, matangazo ya vyakula na vinywaji vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi yamezuiwa kati ya saa 11:30 alfajiri na saa 3 usiku kwenye televisheni na kwenye huduma za kutazama kwa hiari zilizo chini ya mdhibiti. Soma sheria ya nchi yako kwa jicho hilo: je, inataja kutazama kwa hiari, au inataja "urushaji" peke yake? Ikitaja urushaji tu, hoja yako ya malalamiko itabidi isimame juu ya kanuni za matangazo badala ya kanuni za utangazaji.

Kinachosaidia nyumbani

Chombo chenye nguvu kuliko vyote ni umri ulioandikwa kwenye profaili. Televisheni ya sebuleni kwa kawaida imefunguliwa kwa akaunti ya baba au mama, na mfumo unaamini kwamba mtu wa miaka 41 ndiye anayetazama. Kufungua profaili ya mtoto peke yake hakutoshi, kwa sababu profaili hiyo mara nyingi huonyesha orodha ya watoto tu na shindano la vipaji halimo. Fungua profaili ya tatu, iite Familia, iwekee kikomo cha umri wa mtoto mdogo kuliko wote anayekaa kutazama, kisha jaribu kama kipindi mnachokipenda bado kinaonekana. Kisipoonekana, pandisha kikomo daraja moja. Weka namba ya siri kwenye profaili za wakubwa, la sivyo televisheni itarudi yenyewe kwenye profaili iliyotumika mwisho.

Kuhusu kuzima ufuatiliaji wa matangazo kwenye mipangilio ya faragha ya televisheni: ni jambo jema kwa faragha, lakini usilitarajie liwe kinga. Ukizima, matangazo hayapungui. Mfumo hujua machache zaidi kukuhusu, pengine hata kwamba nyumbani mna mtoto. Kitakachopungua ni matangazo yanayokufuata kutokana na ulichotafuta kwenye simu. Ukiwa umekuwa ukifuatilia matokeo ya mechi na odi zake, zima, kisha futa au badilisha namba ya utambulisho wa matangazo ya kifaa, ambayo hukaa menyu hiyo hiyo. Zima pia utambuzi wa kinachotazamwa, yaani kipengele kinachoiruhusu televisheni kurekodi kila kinachopita kwenye skrini. Huulizwa siku ya kuwasha televisheni mpya, na wengi hukubali bila kusoma.

Baadhi ya akaunti huruhusu kukataa aina nzima ya matangazo. Google, kwa mfano, humruhusu mwenye akaunti kupunguza matangazo ya pombe, kamari, kutafuta wapenzi, kupunguza uzito, na ya ujauzito na malezi, na chaguo hilo hufanya kazi YouTube. Ni kupunguza, si kukomesha. Fungua mipangilio ya akaunti ya kila huduma unayotumia, sehemu ya matangazo, uone kama lipo.

Halafu kuna mbinu ndogo za rimoti. Anzisha kipindi kabla hujawaita watoto, matangazo ya mwanzo yapite. Vidoti kwenye mstari wa muda chini ya skrini ndiyo mapumziko yajayo. Ukiviona, unajua lini ushike kitufe cha kuzima sauti. Usikimbize kipindi mbele kupita kidoti, kwa sababu aplikesheni nyingi zitakulazimisha kutazama mapumziko uliyoyaruka. Kurudi nyuma hakuna gharama hiyo, mapumziko yaliyokwisha kutazamwa kwa kawaida hayarudiwi.

Kwa watoto wa chini ya miaka 8 usitegemee maelezo peke yake. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, kupitia kikosi kazi chake cha mwaka 2004, kilieleza kwamba watoto wa umri huo hawana bado uwezo wa kutambua kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi. Hulipokea kama taarifa ya kweli. Wakubwa kidogo wanaweza kuulizwa nani amelipia tangazo hili na anataka nini.

Malalamiko yanayofanyiwa kazi

Malalamiko ya "mnaonyesha matangazo mabaya kwenye vipindi vya watoto" hayawezi kuchunguzwa. Kumbukumbu za seva zipo na zinaweza kuonyesha ni tangazo gani lilikwenda kwenye kifaa chako, lakini hutafutwa kwa akaunti na kwa dakika, na hazitunzwi milele. Andika siku hiyo hiyo.

Tangazo likiwa bado linaonekana, piga picha ya skrini nzima kwa simu, bila uso wa mtoto ndani. Kisha andika kama hivi: "Jumamosi tarehe 14, saa 1:42 jioni, sehemu ya 4 ya msimu wa 3, mapumziko ya pili, karibu dakika ya 24. Televisheni ya sebuleni, aplikesheni ya televisheni yenyewe, profaili ya Familia yenye kikomo cha miaka 9. Tangazo la kubeti la sekunde 30, jina la kampuni linaonekana kwenye picha. Barua pepe ya akaunti ni hii. Naomba kujua tangazo lilikuwa na lebo gani, kipindi kilikuwa na lebo gani, na kipi kimerekebishwa." Maswali hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayolitoa jibu kwenye barua ya kuomba radhi na kulipeleka kwa mtu anayegusa mfumo.

Kama tatizo ni mahali tangazo lilipowekwa, anza na kituo. Kama tangazo lenyewe lingekuwa baya hata saa 6 usiku, kwa mfano linaahidi utajiri kwa kubeti, peleka kwa chombo kinachosimamia maadili ya matangazo, kwa kuwa hapo mwenye kosa ni aliyelitengeneza. Mdhibiti wa utangazaji mara nyingi hutaka kuona kwanza umelalamika kwa kituo, kwa hiyo tunza nakala na namba ya kumbukumbu. Majibu yakisema ni hitilafu ya mara moja, tazama sehemu ile ile kwa profaili ile ile baada ya wiki moja, na likijirudia tuma picha ya pili chini ya namba ile ile bila kufungua lalamiko jipya.