Nikitembea kwa miguu mnanionea huruma: dhana potofu kuhusu jukwaa na filamu

Mimi ni mwigizaji, na pale Majengo kuna mama ninayenunua kwake mchicha. Siku moja nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala zangu zilizojaa vumbi. "Mwanangu, jana si wewe nilikuona kwenye TV? Sasa mbona unatembea na jua hili? Mambo yamekuwa mabaya?" Akaniongezea fungu moja bila kunidai. Alinionea huruma ya kweli, na namshukuru mpaka leo. Ila alichokiamini si kweli, na wengi Dodoma wanakiamini hivyo hivyo.

"Ukionekana kwenye TV una hela, kwa hiyo ukitembea kwa miguu umefulia"

Kwa miaka mingi filamu zetu zimeuzwa hivi: mtayarishaji anamaliza kazi, anaipeleka kwa msambazaji, anauza masta, yaani nakala mama ya filamu, pamoja na haki zake kwa mkupuo, na biashara inaishia hapo. Mwigizaji alishalipwa siku ya kushuti, mara nyingi kwa makubaliano ya mdomo. Filamu ikirudiwa kwenye TV mara 20, au ikikatwa vipande ikapandishwa YouTube, yeye haoni kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na inamtambua mwigizaji kuwa ana haki katika alichoigiza. Lakini haki hiyo utaitetea vipi kama huna karatasi? Nawaambia wadogo zangu kila siku: soma mkataba kabla ya kusoma skripti.

Halafu kuna hili ambalo yule mama hakulijua. Nikitoka Chang'ombe kwenda Nyerere Square kwa miguu, huwa niko kazini. Mistari yangu naishika nikitembea. Nikikaa kwenye kiti inaingia na kutoka, lakini nikiitembeza barabarani inakaa, kila sentensi na kona yake.

"Kutembea nani asiyejua?"

Mimi nilikuwa sijui. Nilianzia kwenye kikundi kilichokuwa kikiigiza vijijini, huko Chamwino na Mvumi. Mwongozaji wetu alitukataza kusema neno lolote wiki nzima. Unaingia, unavuka uwanja, unatoka, wenzako wanataja wewe ni nani. Mimi nilipewa nafasi ya bibi kizee. Nikapinda mgongo, nikatetemesha mkono, nikaburuta miguu, na niliona nimeweza. Tulipofika kijijini kuonyesha watu walicheka, lakini igizo lilipoisha bibi mmoja aliyekaa mbele akaniita pembeni. "Mjukuu wangu, mzee hatetemeki ovyo. Mzee anachagua pa kukanyaga."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mnadani Msalato, nikakaa karibu na zizi la mbuzi nikawatazama wazee. Bibi yule alisema kweli. Macho yao yako hatua mbili tatu mbele ya mguu. Fimbo inatangulia kupima ardhi, mguu unafuata na kutua wote kwa pamoja. Na kuna jambo sikuwahi kuliona kabla ya siku hiyo: mzee akichoka hasemi amechoka. Anasimama kumsalimia mtu. Anauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, na huku anavuta pumzi. Salamu ikiisha, anaendelea na safari. Nilipoingiza kusimama kule kwenye igizo, uwanja ulinyamaza.

Hapo hujaongeza upepo. Mwezi wa saba na wa nane Dodoma upepo unakausha midomo na kuibeba sauti. Chini ya mbuyu hakuna maiki, na watu wamekuzunguka pande tatu. Inabidi ujue upepo unatoka wapi, utembee mpaka usimame upande ambao utawapelekea watu sauti yako. Ukikosea, unaongea na mbuzi walioko nyuma.

"Aliyezoea jukwaa, filamu kwake ni mteremko"

Siku yangu ya kwanza lokesheni nilitakiwa kutoka mlangoni na ndoo, nitembee hatua nane, nisimame. Alama ya kusimama ilikuwa jiwe, kwa sababu gundi ya karatasi haishiki kwenye vumbi. Jiwe lenyewe sikuruhusiwa kulitazama. Nikatoka kama nilivyozoea, mikono ikizungumza, ili hata wa nyuma kabisa anione. Dairekta akakata. "Dada, punguza. Wa nyuma kabisa ndiyo kamera, na iko hapa mbele yako."

Tulirudia mara 14. Asubuhi walichukua kwa mbali, mchana wakasogea karibu, na vumbi la ndala zangu likawa limepukutika. Binti wa maleba, yaani mavazi ya kuigizia, akafungua picha ya asubuhi kwenye simu yake, akapiga magoti, akanipaka vumbi upya kwa vidole mpaka likafanana. Walipokuja kuchukua uso peke yake nilivua ndala, maana miguu haikuwa ikionekana. Dairekta alisimamisha kazi kuuliza sauti yangu imebadilika kwa nini. Nikavaa ndala, tukaendelea.

Kingine, filamu haifuati mpangilio wa hadithi. Nilimlilia marehemu Jumatatu, nikamuuguza Alhamisi. Jukwaani uchungu unakua wenyewe kuanzia mwanzo, mbele ya kamera unaubeba kichwani kwa namba za sini, yaani vipande vya hadithi.

Kuhusu wanaosema mwigizaji bora ni yule anayelia haraka, nitasema tu kwamba machozi hata kitunguu kinaweza kuyaleta.

"Sanaa iko Dar, Dodoma ni Bunge tu"

Kweli, kazi nyingi za filamu na wenye hela wako Dar, na sitamlaumu anayepanda basi kwenda huko. Lakini msituambie kuwa huku hakuna kitu. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki Desemba 2003, alikuwa Mgogo wa hapa. Zeze ya nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba alizopanda nazo majukwaa ya Ulaya hakuzikuta Bagamoyo alikokwenda kuishi. Alifika nazo, akawafundisha wengine. Na wanaodhani ngoma hupigwa na wanaume waende wakaone muheme: mwanamke wa Kigogo anaibana ngoma katikati ya mapaja, anaipiga kwa mikono miwili, na mwili wote unacheza bila ngoma kuanguka. Mwigizaji anayetaka kujua kutawala mwili wake aanzie hapo.

Sasa nimepewa nafasi nyingine ya mbeba maji, na safari hii ndoo inakaa kichwani. Nikamwendea yule mama wa Majengo, nikamweleza kazi yangu, nikamwomba nimtazame akitoka bombani. Akajifunga kanga upya, akazungusha kata, akatwika. Hatua 31 mpaka kwenye meza yake ya mboga. Katikati mteja alimwita kutoka kushoto, naye akamjibu. Shingo haikugeuka, yaligeuka macho tu.