Je, wajua kwa nini wanafunzi wa usanifu majengo hukesha?

Chuo kikuu chochote chenye kitivo cha usanifu majengo kina jengo moja ambalo taa zake huwaka mpaka alfajiri. Wiki ya juri, yaani siku ambazo mwanafunzi hubandika michoro yake ukutani na kuitetea mbele ya jopo la walimu na wasanifu wa nje, utakuta humo ndani vipande vya kadibodi sakafuni, harufu ya gundi, na mtu amelaza kichwa juu ya meza ya kuchorea huku mwenzake akikata paa la modeli kwa kipimo cha 1:100. Mabweni mengine yamelala. Kwa nini hawa tu?

Majibu mawili husikika haraka. Walio nje husema ni uzembe: walipewa wiki kumi, wakacheza tisa. Walio ndani husema ni ubunifu: mawazo mazuri huja usiku wa manane. Yote mawili yamekaa vichwani mwa watu muda mrefu, na yote mawili yanakosea.

Tuanze na uzembe. Marekani kuna utafiti mkubwa wa kila mwaka unaowauliza wanafunzi wa vyuo wanatumia saa ngapi kujiandaa nje ya vipindi. Wanafunzi wa usanifu majengo wamewahi kuongoza orodha hiyo kwa zaidi ya saa 20 kwa wiki, mbele ya fani zote nyingine zilizoulizwa. Ni kweli takwimu hizo ni za kujieleza wenyewe, na mtu huweza kuzidisha saa zake. Lakini fani nyingine nazo zilijieleza zenyewe, hivyo pengo halielezeki kwa kutia chumvi peke yake. Watu hawa hawakucheza wiki tisa.

Basi ni wingi wa kazi? Kwa sehemu, ndiyo. Kuchora plani (jengo likitazamwa kutoka juu), seksheni (jengo likiwa limekatwa wima) na elevesheni (uso wa nje wa jengo), kujenga modeli, kuprinti karatasi za A1 wakati boom, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, limeshaisha, hayo yote yanakula muda. Ila wingi wa kazi hauelezi jambo moja ambalo walimu wa studio, yaani darasa la kuchorea na kubuni, wanalijua vizuri: ukisogeza tarehe ya juri mbele kwa wiki nzima, michoro inaboreka kidogo, na usiku wa mwisho watu wanakesha vilevile. Kazi ambayo ni nyingi tu ingepungua kwa kuongezewa muda. Hii haipungui, kwa hiyo sababu lazima iwe kwenye aina ya kazi yenyewe.

Mwaka 1973, Horst Rittel na Melvin Webber wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika makala kuhusu matatizo ya mipango ya miji. Walitaja sifa kumi zinazoyatofautisha na matatizo ya hisabati au sataranji. Moja ni hii: hayana kanuni ya kukwambia umemaliza. Mwanafunzi wa hisabati akipata jibu, swali limefungwa na anaweza kwenda kulala. Mpangaji wa mji huacha kwa sababu za nje ya swali: fedha zimekwisha, muda umekwisha, au amechoka. Sifa nyingine ni kwamba majibu hayawi sahihi au makosa, huwa afadhali au mabaya zaidi. Wao walizungumzia sera za umma, si darasa la mwaka wa pili linalochora zahanati. Watu waliokuja baadaye ndio waliopeleka hoja hiyo kwenye ubunifu, na si kila sifa kati ya kumi inakaa sawasawa huko. Hiyo ya kutokuwa na mwisho inakaa.

Kuielewa, chukua ngazi. Mwanafunzi anachora zahanati ya ghorofa moja, na kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni milimita 3,000. Anagawanya kimo hicho kwa hatua 18, kila hatua inapanda kama milimita 167, kipimo ambacho mguu wa mtu mzima unakikubali. Ngazi inapanda hatua tisa, inageuka kwenye kituo cha katikati, inapanda tisa nyingine. Kila upande una kanyagio nane, yaani sehemu bapa za kuwekea mguu, za milimita 300, maana hatua ya tisa inaangukia kwenye kituo chenyewe. Urefu ni milimita 2,400. Pembeni yake kuna choo chenye upana wa milimita 1,200. Kila kitu kimekaa.

Siku nne kabla ya juri, mwalimu anapita na kusema ukumbi wa chini umekuwa mfupi mno kwa joto la Dar es Salaam, hewa haina pa kupanda. Maoni mazuri kabisa. Mwanafunzi anaongeza kimo mpaka milimita 3,300. Sasa hatua 18 zitapanda zaidi ya milimita 183 kila moja, na mgonjwa hawezi kuzipanda kwa raha. Anaweka hatua 20, zinapanda milimita 165. Kila upande sasa una kanyagio tisa, urefu umekuwa milimita 2,700. Zile milimita 300 za ziada zimeingia chooni, na choo kimebaki na milimita 900. Mlango hauwezi tena kufungukia ndani. Ukifungukia nje, unaziba korido. Akikisogeza choo, bomba la maji taka la ghorofa ya juu halishuki tena juu ya lile la chini. Akilifuata bomba, dirisha la choo linahama ukutani, na elevesheni ya mashariki, ile aliyoipaka rangi juzi, si ya kweli tena. Seksheni imebadilika. Modeli ya kadibodi iko mezani ikiwa na kimo cha zamani.

Ni kama fundi cherehani aliyemwongezea mteja inchi moja begani baada ya gauni kushonwa: mkono haukai, kola inavuta, pindo la mbele linapanda, na mwishowe anafumua nguo nzima. Tofauti ni kwamba mteja wa fundi ataijaribu nguo na kusema imenitosha. Jengo la studio halijaribiwi na mtu. Mwanafunzi angeweza pia kuuacha mlango ufungukie nje na jengo likaendelea kusimama kwenye karatasi. Hakuna kitu ndani ya mchoro kinachomwambia acha. Kinachomwambia acha ni saa tatu asubuhi, jopo likiwa limeshakaa kwenye viti.

Hapo historia inasaidia, hasa sehemu moja ambayo mara nyingi haisimuliwi. Juri ilirithiwa kutoka École des Beaux-Arts ya Paris, shule ya sanaa iliyotawala mafunzo ya usanifu majengo katika karne ya 19. Wanafunzi walifanya kazi kwenye karakana za walimu wao, na siku ya mwisho mkokoteni ulipita kukusanya michoro. Simulizi husema wengine waliurukia wakaendelea kuchora njiani, na watu hulitumia simulizi hilo kuonyesha kwamba kukesha ni sehemu ya fani tangu zamani.

Lakini shule ileile ilikuwa na utaratibu wa pili. Kabla ya mradi mkubwa kuanza, mwanafunzi alifungiwa kwenye chumba kidogo kwa saa 12, peke yake, ili atoe kiini cha wazo lake kwenye mchoro mmoja wa awali. Mchoro huo ulibaki shuleni, yeye akaondoka na nakala. Wiki zilizofuata zilikuwa za kuukuza, kuupima na kuupaka rangi. Kazi ya mwisho ikipotoka kwenye mchoro ule, iliondolewa mashindanoni. Wazo lilifungwa mapema, na kilichobaki kilikuwa jasho la mikono, ambalo angalau lina mwisho.

Mfumo huo ulisambaa. Marekani ulifika kupitia waliosoma Paris, Richard Morris Hunt aliyeingia shule hiyo mwaka 1846 akiwa wa kwanza. Uingereza ulipata nguvu Liverpool chini ya profesa Charles Reilly kuanzia 1904, na Nairobi ilipoanza kufundisha usanifu majengo miaka ya 1950, chini ya utawala wa Uingereza, ilirithi studio na juri. Kile chumba cha saa 12 kiliachwa njiani, kwa sababu nzuri: walimu walitaka mwanafunzi aweze kujifunza na kubadili mawazo. Tukabaki na tarehe ya mwisho isiyo na kufuli. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kiini cha mikesha yote.

Na lile jibu la pili, kwamba usiku huzaa mawazo? Mwaka 2004, watafiti wa Lübeck, Ujerumani, waliwapa watu fumbo la tarakimu lenye njia ya mkato iliyofichwa. Waliolala kwa muda wa saa nane katikati ya mazoezi waliigundua njia hiyo kwa kiasi cha asilimia 59. Waliokesha, asilimia 23. Fumbo la tarakimu si zahanati, na jaribio moja lisibebeshwe mzigo mkubwa. Ila kuhusu umakini ushahidi ni mzito: jaribio la Australia lililochapishwa 1997 lilionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya uratibu wa mkono na jicho kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Kwenye studio, mtu huyo ameshika kisu cha kukatia.

Madhara hayaishii mezani. Chama cha wanafunzi wa usanifu majengo cha Marekani, AIAS, kiliunda kikosi kazi kuhusu maisha ya studio baada ya mwanafunzi aliyekesha kufa katika ajali ya gari. Ripoti ya kikosi hicho ilitoka mwaka 2002, na baadaye bodi ya ithibati ya huko ikazitaka shule ziwe na sera ya maandishi kuhusu utamaduni wa studio.

Kufunga milango ya studio saa nne usiku, kama wengine wanavyopendekeza, kunahamishia mkesha bwenini. Chenye mantiki zaidi ni kurudisha kufuli kwa namna laini: plani na vimo vikabidhiwe wiki mbili kabla, visibadilishwe tena, na juri ihukumu jinsi vilivyokuzwa. Kazi yote ifungwe siku moja kamili kabla ya kutetea. Mwalimu akipita siku nne kabla na maoni yake kuhusu ukumbi mfupi, mwanafunzi anayaandika, anaacha milimita 3,000 zake zilivyo, na siku ya juri analiambia jopo mwenyewe kwamba angepandisha dari kwa milimita 300 na choo angekihamishia upande wa kaskazini.