Jina la Zamani Halina Mrithi

“Hondohondo wa Tarangire ndio wenye jina la Red-billed Hornbill, yaani hondohondo mdomo mwekundu. Wale wa Ruaha ndio waliojitenga, basi jina jipya wapewe wao.” Hili nimelisikia kwa waongoza watalii, nikalisikia kwa wanafunzi, na wiki hii nimelisikia kwa mtu mwenye shahada kunizidi. Imetosha.

Zamani kwenye vitabu kulikuwa na Red-billed Hornbill mmoja tu, kuanzia Senegal hadi Afrika Kusini. Siku hizi orodha kubwa za ndege zina watano: Northern, Western, Southern, Damara na Tanzanian, wote wakifuatiwa na Red-billed Hornbill. Wa Ruaha, ndiye Tanzanian, ana jicho la njano ndani ya ngozi nyeusi tii. Wa Tarangire, ndiye Northern, ana jicho la kahawia na ngozi yake imefifia. Milio nayo inatofautiana. Kama wanastahili kuwa spishi tano au la, tuliache leo.

Kwanza, hakuna ndege aliyejitenga na mwenzake juzi. Walikuwa hivyo hivyo tangu zamani, ila sisi tulikuwa tumewaandika kwenye mstari mmoja.

Kinachowapotosha watu ni jina la kisayansi. Hilo lina sheria: *erythrorhynchus* inabaki na kundi ambako sampuli ya kwanza ilitoka, na waliobaki wanatafutiwa jina lao, kama *ruahae*. Hapo ni kweli kuna mwenye jina, naye ni Northern. Jina la Kiingereza halina sheria hiyo. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazijihusishi nalo kabisa. Ni kazi ya kamati, mazoea, na mabishano marefu ya watu wazima.

Na mazoea mazuri ni haya: ukigawanya spishi, jina la zamani lipumzishe. Chukua daftari la mtazama ndege la mwaka 1985 lenye mstari “Red-billed Hornbill, Msembe, wawili”. Msembe ni Ruaha. Tungemwachia wa kaskazini jina lile bila nyongeza, msomaji wa leo angeamini kwamba wa kaskazini alionekana Ruaha. Aliyeandika hakukosea, ila sisi tungekuwa tumemfanya aonekane kakosea. Zidisha hilo kwa kila daftari, kila lebo ya makumbusho, kila ripoti ya hifadhi. Lakini tukiongeza Northern, Tanzanian na kadhalika, jina tupu linabaki na maana yake ya zamani: mmoja wa hao watano, angalia mahali. Ndiyo maana nang’ang’ania. Wanaodhani ni suala la heshima ya ndege fulani wanashughulika na jambo lingine.

Utaniambia, mbona Von der Decken’s Hornbill alibaki na jina lake alipotengwa na Jackson’s Hornbill? Kweli, na mimi silipendi hilo. Wanaotetea husema kundi likiwa kubwa sana na jingine dogo, usumbufu wa kubadilisha unazidi faida. Kwa Red-winged Blackbird wa Amerika Kaskazini nakubali, kwa sababu aliyetengwa naye anaishi Kuba tu. Kwa hondohondo wetu hawa wawili, sioni udogo huo uko wapi. (Ubishi wa kuwapa ndege majina ya watu, ambao Wamarekani waliuwasha upya mwaka 2023, ni mada nyingine. Baroni Von der Decken mwenyewe aliuawa Somalia mwaka 1865, hana la kuongeza.)

Sasa niseme ninachokionea shaka. Hizo nyongeza zenyewe ni mbovu. Northern anafika hadi Mali, magharibi kabisa, halafu jirani yake ndiye anaitwa Western. Tanzanian ni jina la nchi, na ndege hasomi mpaka. Tena Northern naye yupo Tanzania, kwa hiyo mgeni akiwa Tarangire anaona Tanzanian kwenye orodha anashika huyo huyo. Ningechagua Ruaha Hornbill, fupi na linatamkika. Lakini anaishi nje ya Ruaha pia, na ukiondoa Red-billed unakata undugu wa wale watano. Tena mdomo mwekundu wenyewe si kitambulisho: Crowned Hornbill anao, dume la Von der Decken’s anao. Kwa kweli sina jibu linaloniridhisha, na wanakamati ninaowafahamu hawana pia.

Kwa rekodi za zamani, eBird, ile hazina ya mtandaoni ya rekodi za ndege, huwa inabadilisha yenyewe kufuata mahali, na pale maeneo yanapopakana inaacha jina la jumla. Usiibishie kwa kukisia. Kama una picha za kutoka katikati ya maeneo ya hao wawili, Kondoa au Manyoni hivi, nitumie, ila jicho lionekane. Picha za mkia ninazo tele.