Si Shahada ya Wanamichezo: Dhana Potofu Kuhusu Sayansi ya Afya na Mazoezi

Mwanafunzi anayesema kwamba amechagua kusomea sayansi ya afya na mazoezi chuo kikuu huulizwa papo hapo anacheza mchezo gani. Swali hilo limebeba dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba fani hii ni ya wenye vipaji vya michezo. Ukweli ni kwamba inachunguza mwili wa mtu yeyote unapofanya kazi, na vilevile unapokaa tu. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London, ambapo makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa nzima, walionekana kupata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva walioketi kwenye usukani. Makondakta hao hawakuwa wanariadha, lakini utafiti uliowahusu ni miongoni mwa nguzo za fani hii. Kwa hiyo asiyewahi kushinda mbio hana sababu ya kusita kuomba nafasi. Biolojia, kemia na hisabati alizotoka nazo sekondari zitamfaa kuliko medali.

Dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, ni kwamba haya ni masomo mepesi yaliyowekwa kwa ajili ya waliokosa nafasi ya udaktari. Wanaoingia na imani hiyo hukutana mapema na anatomia, fiziolojia, bayokemia na takwimu, kisha na biomekanika, yaani elimu ya kani na mijongeo ya mwili, ambayo haieleweki kwa mtu aliyeikimbia fizikia, kwa sababu kila kiungo kinachokunjwa ni wenzo na kila hatua ni hesabu ya kani.

Chukua mfano wa kipimo cha uwezo wa juu kabisa wa mwili kutumia oksijeni, ambacho msingi wake uliwekwa katika miaka ya 1920 na mwanafiziolojia Mwingereza Archibald Hill, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922. Anayepimwa hukimbia juu ya mashine akiwa amevaa barakoa iliyounganishwa na kifaa cha kuchanganua hewa anayovuta na kutoa, na kila baada ya muda mfupi kasi au mwinuko huongezwa. Mwanafunzi mmoja hufuatilia mapigo ya moyo, na mwingine hunyanyua ubao wenye vipimo vya mwanasaikolojia wa Uswidi Gunnar Borg, kuanzia 6 hadi 20, ili mkimbiaji aguse namba inayoonyesha jinsi anavyouhisi ugumu, maana barakoa haimruhusu kuzungumza vizuri. Kazi yenyewe huanza mbio zinapokwisha. Je, matumizi ya oksijeni yaliacha kupanda ingawa mzigo uliongezwa? Je, kaboni dioksidi iliyotolewa ilizidi oksijeni iliyotumika kwa uwiano wa kuridhisha? Kama majibu ni hapana, huenda miguu ilichoka au mtu alikata tamaa kabla moyo na mapafu havijafika ukomo wake, na namba iliyopatikana haistahili kuitwa ya juu kabisa.

Wapo pia wanaodhani kwamba uzoefu wa ukumbi wa mazoezi unatosha na kwamba chuo kitaongeza cheti tu. Huko ndiko kunakosikika kwamba maumivu ya misuli ya kesho yake husababishwa na asidi ya laktiki. Laktati, yaani umbo la asidi hiyo lililomo mwilini, hurudi karibu na kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, ilhali maumivu hayo hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Zaidi ya hayo, moyo na misuli huitumia laktati kama nishati. Huko pia hutumika kanuni ya kutoa umri kutoka 220 ili kupata mapigo ya juu ya moyo. Kwa mtu wa miaka 40 jibu ni 180, lakini watu wawili wa umri huo wenye afya njema wanaweza kuwa na 168 na 192. Kwa mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo, kumlazimisha aifikie namba iliyotokana na kanuni hiyo ni kumhatarisha.

Kuhusu ajira, ukufunzi wa mazoezi ni kazi ya heshima, lakini si mlango pekee. Wahitimu hufanya kazi katika programu za kuwarejesha katika hali nzuri watu waliopata shambulio la moyo, katika kuwakinga wazee dhidi ya kuanguka, katika afya ya wafanyakazi na katika utafiti.

Hata hivyo, kuna dhana ya upande wa pili inayowavunja moyo wengi baada ya kuhitimu: kwamba shahada hii inamfanya mtu kuwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Fiziotherapia ni taaluma nyingine, yenye mafunzo yake ya kitabibu na leseni yake, na anayeitaka hulazimika kwa kawaida kuisomea yenyewe. Ndiyo maana, kabla ya kujiandikisha, mwombaji anapaswa kukiuliza chuo mambo mahususi: shahada inatambuliwa na chombo gani cha taaluma, mafunzo kwa vitendo yana saa ngapi na hufanyikia wapi, na kama maabara ina vifaa ambavyo wanafunzi wenyewe huruhusiwa kuvishika.