Shajara ya Kwekeri ni nini?

Ukipitia orodha ya nyaraka katika maktaba za Wakwekeri, dhehebu la Kikristo ambalo waumini wake hujiita Marafiki, utakutana mara kwa mara na kitu kinachoitwa shajara. Jina hilo linaweza kukupoteza. Hiki si kile kitabu cha kuandika kila usiku umekula nini na umeonana na nani. Ni tawasifu ya kiroho: mtu, aghalabu mhubiri aliyekwisha kula chumvi nyingi, anasimulia jinsi Mungu alivyomwongoza tangu utotoni, naye anajua fika kwamba wenzake wataisoma akiwa kaburini.

Kwa nini watu hawa waliandika maisha yao kwa wingi hivyo? Imani yao ilianza Uingereza katikati ya karne ya 17, bila makasisi wa mshahara na bila kanuni ya imani ya kukariri. Walikaa kimya pamoja, na aliyeguswa rohoni alisimama akasema. Mafundisho basi yalikaa katika maisha ya watu. Kijana aliyetaka kujua Nuru ya ndani, yaani mwanga wa Mungu ndani ya kila mtu, inamfanyia nini mtu alipewa maisha ya mzee fulani ayasome. Ndiyo maana shajara hizi zinafanana mno, na nyingine, tuseme kweli, zinachosha. Kuna utoto wa kuguswa mapema, ujana wa mizaha na ngoma, miaka ya kushindana na dhamiri, siku ya kwanza ya kufungua kinywa mkutanoni, halafu safari juu ya safari. Mara nyingi mwishoni wenzake huongeza ushuhuda wa namna alivyoishi na alivyokufa.

Anayetafuta habari za nyumbani atatoka mikono mitupu. John Woolman, mshonaji nguo wa Mount Holly, New Jersey, aliyezaliwa 1720, anaisimulia ndoa yake na Sarah Ellis kwa sentensi moja tu. Lakini akifika kwenye siku ambayo mwajiri wake alimtaka aandike hati ya kumuuza mwanamke mweusi, anatua. Mnunuzi alikuwa mzee, tena Rafiki mwenzao. Woolman aliiandika hati ile huku moyo ukimsuta, kisha akawaambia wote wawili kwamba kwa maoni yake kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kikristo. Anaongeza kuwa dhamiri yake ingekuwa safi zaidi kama angeomba asiiandike kabisa. Baadaye alizunguka kwa miaka mingi akizungumza na Marafiki wenye watumwa, wengi wao majumbani mwao. Alifariki mjini York mwaka 1772 kwa ndui. Mwaka 1776 Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, chombo cha juu cha Marafiki wa eneo hilo, uliwakataza waumini wake kumiliki watumwa.

Shajara yake ilichapishwa 1774, na hapa ndipo hifadhi ya nyaraka inapoanza kuwa na maana. Kitabu cha Kwekeri hakikutoka mkononi mwa mwandishi kwenda moja kwa moja kwa mchapaji. London ilikuwa na kikao cha wahubiri, kilichoanza 1673, cha kusoma miswada kabla haijachapishwa. Philadelphia nako kulikuwa na kamati, na kamati iliyoshughulikia maandishi ya Woolman iliondoa baadhi ya ndoto zake. Ndoto hizo tunazo leo kwa sababu miswada yake ilitunzwa.

George Fox mwenyewe, mwanzilishi, hakupona kalamu hiyo. Alisimulia maisha yake katika miaka ya 1670, mume wa binti yake wa kambo akiandika. Fox alifariki 1691, na kitabu kikatoka 1694 baada ya Thomas Ellwood kukipanga na kupunguza makali yake. Mswada wa zamani uko Friends House, makao makuu ya Marafiki wa Uingereza jijini London, nao una Fox mkali kuliko yule wa kitabuni. Kwa bahati mbaya kurasa zake za mwanzo zimepotea, kwa hiyo kwa habari za utoto wake tunabaki kumtegemea Ellwood yuleyule.

Ninayempenda zaidi ni Elizabeth Ashbridge, aliyezaliwa Uingereza 1713. Alitoroka na mwanamume akiwa na miaka 14, akafiwa naye baada ya miezi michache, na hatimaye akauzwa New York kuwa mtumishi wa mkataba. Mume wake wa pili alimpenda kwa uhodari wake wa kucheza ngoma. Alipokuwa Kwekeri, mume alimkokota achezeshwe mbele ya watu, hadi mpiga fidla akaacha kupiga na kumwambia mume huyo asimsumbue mkewe. Simulizi yake ilizunguka kwa nakala za mkono kabla ya kuchapishwa. Mtumishi asiye na cheo kuachiwa nafasi ya kusimulia maisha yake kwa kinywa chake, katika karne ya 18, halikuwa jambo la kila siku.

Atakayezisoma nyaraka hizi ajihadhari na tarehe. Marafiki waliyakwepa majina ya miezi yenye asili ya miungu ya kipagani, wakahesabu tu, kama tunavyosema sisi mwezi wa tatu, wa nne. Lakini kabla ya 1752 mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi. Woolman anasema alioa mwezi wa nane, 1749. Huo ni Oktoba, si Agosti.

Afrika Mashariki nayo imo katika hifadhi hizi, ila kwa namna nyingine. Baada ya utumwa kuondolewa uhalali wa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, Marafiki wa Uingereza waliendesha shamba na misheni huko Banani, Pemba. Mwaka 1902 Wamarekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, nchi ambayo leo ina Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote. Nyaraka za Pemba ziko Friends House, na wanahistoria wa kisiwa hicho huzitumia. Ila hizo ni barua na taarifa za kazi. Watu walioachwa huru wanaonekana humo wakilima, wakigombana na kuomba msaada, na anayeandika ni mmisionari.